Moto Ulioinamia Kiti Kitupu

Mtu akivuta kiko, moto huinama kumfuata. Mwali unapinda, unaingia kwenye tumbaku, tumbaku inashika. Lakini jioni ile, Ishengoma alipovuta, mwali wa kiberiti ulipinda upande wa pili, ukaelekea kwenye kiti kitupu kilichokuwa pembeni yake barazani, ukarefuka kama ulimi.

"Ni upepo wa ziwani," alisema mkewe, Felicitas.

"Upepo gani?"

Felicitas akatazama kibanja chao. Migomba ilikuwa imetulia tuli, hakuna jani lililotikisika Kagondo nzima.

Kiberiti kile alikinunua yeye. Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa maisha yake yote, mtu wa kusifiwa mikono, lakini tangu apigwe na kiharusi kidogo mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Njiti zilimuunguza vidole kabla tumbaku haijashika. Felicitas hakuwahi kumwambia jinsi alivyoumia kumwona akihangaika na kitu kidogo namna hiyo. Siku moja alishuka Kashai, kwa Mujuni, muuza saa na vitu vya mtumba, akamwambia anataka kiberiti kizuri cha kiko.

Mujuni alimpangia vitatu juu ya kioo cha meza. "Hiki moto wake ni wa bluu, unatoka kwa kishindo. Utamtobolea mzee kiko chake, mama. Hiki cha pili ni cha petroli. Kizuri, hakizimwi na upepo, lakini tumbaku itanuka mafuta." Kisha akakifuta kile cha tatu kwa kitambaa: cha shaba, kizito, kimelainika pembeni kwa kushikwa miaka mingi. "Hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kiko hasa. Ona, moto unatokea ubavuni, mpole, mtu haunguzi kidole. Tangi kubwa, kinajazwa gesi. Ukishakibonyeza hakizimiki mpaka uachie."

Felicitas alikibonyeza. Moto ukatoka laini, wa njano. Akafurahi kama msichana.

Baada ya jioni ile ya kwanza, Ishengoma aliendelea kuwasha, na moto ukaendelea kuinamia kiti. Walijaribu kukihamisha kiti. Moto uliinamia palepale kiti kilipokuwa mwanzo. Kisha harufu ikaanza, si ya tumbaku ya Ishengoma ambayo Felicitas aliijua kama anavyoijua nguo yake, bali ya tumbaku nyingine, kali, yenye uvundo wa maji yaliyosimama, nayo ilikuja hata asubuhi, hata kiko kikiwa kimefungiwa kabatini.

Ishengoma akaanza kukonda. Akipanda ngazi mbili za baraza anasimama kushika ukuta. Hospitali walimpima kifua wakakuta mapafu hayana kitu. Wazee wa usharika walikuja, wakaimba, wakaomba wakiwa wamemshika mabega, na katikati ya sala, wote wamefumba macho, Felicitas alisikia kutoka pembeni mlio wa midomo ikivuta kiko: pa, pa, pa, taratibu, kama mtu asiye na haraka anayesubiri wageni waondoke.

Kesho yake akakichukua kiberiti akakifukia nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mbuni. Alikuwa bado ananawa mikono aliposikia mumewe ameanguka. Alimkuta sakafuni, uso umekuwa wa kijivu, kinywa wazi, kifua kinaingia ndani lakini hakitoki, kinaingia tu, kinaingia, kama mfuko wa nailoni unaofyonzwa.

"Kilete," alinong'ona. "Feli, waitu, mpenzi wangu, kilete. Hilo la kitini lisipopata moto linanivuta mimi."

Alichimba kwa kucha. Alipowasha, mwali ukalala ubavu kuelekea pembeni, na Ishengoma akapata pumzi moja, ndogo. Tangu hapo Felicitas akawa mtu wa kuwasha. Asubuhi anawasha, mchana anawasha, jioni anawasha, na kila mara moto unaotakiwa ni mrefu zaidi, na pumzi anayorudishiwa mumewe ni fupi zaidi. Gesi ikipungua anaongeza. Aliacha kupika. Aliacha kwenda kanisani. Binti yao wa pekee, Joyness, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alipopiga simu, Felicitas alimwambia baba ana mafua.

Mwisho alimwomba jirani akae na mgonjwa, akamwachia kiberiti, akamwonyesha namna ya kubonyeza bila kueleza sababu, akakimbilia Kashai.

"Mujuni, kile kiberiti cha shaba ulikitoa wapi?"

Mujuni alitazama macho yake, akaacha saa aliyokuwa akiifungua. "Kimeleta shida?"

"Kilitoka wapi?"

"Muleba. Kwa mzee mmoja marehemu, Ta Kahangwa. Mjane wake aliuza vitu vyote vya mume wake kwa siku moja. Hata bei hakubishana."

Mjane yule, Agnetha, alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe. Felicitas alimkuta anaanika kahawa. Aliposikia mgeni akitaja kiberiti cha shaba alikaa chini palepale juu ya mkeka, katikati ya kahawa.

"Nilimwambia yule mnunuzi akitupe ziwani," alisema. "Aliniapia."

"Mume wangu anakufa, Ma Agnetha."

"Najua anavyokufa. Wangu alikufa hivyohivyo." Akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu uani. "Ta Kahangwa alikuwa akivusha kahawa ya magendo kwenda Uganda, wakati ule wa hatari. Akaenda kutafutiwa kitu cha kumficha. Akapewa jini. Malipo yake yalikuwa kuvuta nalo kiko kila jioni, wawili, kama marafiki. Miaka yote alivuta nalo. Alipozeeka akataka kuacha, likakataa."

"Linatolewaje?"

"Mfumu, mganga wa kwetu, alituambia. Uliwashie, lianze kuvuta, halafu usiachie mpaka gesi iishe yote. Moto ukilifia mdomoni, linaondoka. Lakini muda wote huo litamvuta na mgonjwa. Mume wangu alianza kuzimia, nikaingiwa na huruma, nikaachia." Alitazama mikono yake. "Nikaachia, mwenzangu. Alikufa wiki ileile."

Felicitas akasimama. Agnetha akamshika kanga.

"Kuna jambo lingine. Likikaribia kushindwa litaita kwa sauti ya mtu wenu. Asiitike mtu. Mwenye sauti itakayoitikiwa, kwake ndiko litakakokwenda."

Alifika Kagondo mvua ya mchana ikipiga mabati. Alimshukuru jirani, akamsindikiza nje, akafunga mlango. Akamwinamia mumewe kitandani na kumweleza yote, akamwambia asifungue kinywa chake kwa neno lolote, na Ishengoma akafumba macho mara moja kuonyesha kwamba amesikia. Hakuwa na nguvu ya zaidi ya hapo.

Felicitas akabonyeza.

Mwali ukatoka, ukalala, ukaelekea pembeni mwa kitanda, na ule mlio wa midomo ukaanza, pa, pa, pa, na uvundo wa maji yaliyosimama ukajaa chumbani. Shaba ikapata joto. Ikawa ya kuunguza. Alikuwa amechagua kiberiti chenye tangi kubwa, amekichagua yeye mwenyewe, akafurahia uzito wake, na sasa tangi lile halikuwa na mwisho, na kidole gumba chake kilikuwa kinaiva juu ya chuma huku mumewe akijikunja kitandani, mishipa ya shingo imemtoka, macho yakimtazama yeye, yakimwomba aache, au aendelee, hakuweza kujua, na alitaka kuachia, kila nyama ya mwili wake ilitaka kuachia, lakini akamkumbuka yule mwanamke katikati ya kahawa akitazama mikono yake, akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza akakandamiza, akalia bila sauti, mvua ikipiga, midomo ile isiyoonekana ikivuta kwa haraka sasa, kwa pupa, kama mtoto anayehisi ziwa linaishiwa maziwa.

Mwali ukafupika.

"Mama!"

Sauti ilitoka pembeni mwa kitanda. Ilikuwa ya Joyness, si ya sasa, ya zamani, alipokuwa na miaka sita na malaria.

"Mama, unaniunguza! Mama, acha!"

Felicitas aliuma mdomo mpaka damu ikatoka. Mwali ukawa mdogo kama punje ya mchele, ukawa wa bluu.

"Tata!" sauti ikalia, ikimwita baba sasa, ikageukia upande wa mgonjwa. "Tata, uko wapi? Sikuoni!"

Na Ishengoma, ambaye hakuwa amebakiwa na pumzi ya kuzima mshumaa, ambaye tayari alikuwa nusu huku nusu kule na hakujua tena ni mwaka gani, alinyoosha mkono wake unaotetemeka.

"Niko hapa, Joyness," alisema. "Niko hapa, mwanangu."

Moto ukazimika.

Mlio wa midomo ukakatika. Uvundo ukaondoka mara moja, kama vile mlango umefunguliwa. Kisha kifua cha Ishengoma kikapanda, kikajaa, kikashuka, kikapanda tena. Rangi ikamrudia. Alilala hivyo mpaka mvua ilipokatika, akaamka akaomba maji, akaomba ndizi za bitoke, akashangaa mkewe ana nini mkononi. Hakukumbuka kumwitikia mtu.

Felicitas alikuwa anamshikia kikombe wakati simu ilipoita. Ilikuwa Joyness.

"Mama, shikamoo." Sauti ilikuwa inakatika, kama ya mtu aliyepanda kilima akikimbia. "Samahani kusumbua. Hivi, baba amesafiri? Amekuja Mwanza bila kusema?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Chumba changu kinanuka kiko. Nimefungua madirisha yote. Na kifua... sijui ni nini. Hewa inaingia haitoki."

Felicitas hakupiga kelele. Alimwambia, "Keti chini. Washa chochote chenye moto, kiweke karibu yako. Mtu akikuita usiitike. Nakuja." Akafunga kidole kwa kitenge kilichochanika, akakitia kiberiti kwenye mfuko wa sketi, na mumewe akimuuliza anakwenda wapi na hali ile, alikuwa tayari ameshafika barabarani, anasimamisha bodaboda ya kwenda Kashai kununua kopo la gesi kabla basi la Mwanza halijaondoka.