Saa ya Leeds, Saa ya Rahu

Umeme ulikatika mtaa mzima wa Gandhipuram, mjini Coimbatore, alasiri moja ya Mei, na wote waliokuwa wakiwafanyia kazi watu wa ng'ambo kutoka vyumbani mwao wakatoka mbio, kompyuta kwapani, kila mmoja akiwania duka la mikate lenye jenereta karibu na stendi. Yazhini aliwahi meza ya mwisho yenye soketi. Alivaa kurta ya manjano, na shada la asumini kwenye msuko wake lilikuwa limeanza kunyauka kwa joto.

Kijana mmoja akasimama mbele yake akihema. Juu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na tai. Chini alikuwa na msuli wa buluu na kandambili.

"Dada, naomba hiyo soketi. Nina Waingereza wananingoja."

"Na mimi nina Wasingapori wanaotaka kufunga ofisi."

"Basi tugawane."

Yazhini alimtazama kuanzia tai mpaka kandambili. "Umevaa nusu, kwa hiyo utapata nusu." Akaweka bilauri yake ya kahawa katikati ya meza. "Huu ndio mpaka. Ukivuka, nachomoa waya wako."

Maran, maana ndilo jina lake, hakuvuka. Lakini kesho yake alirudi pale pale, na umeme haukuwa umekatika popote.

Ikawa mapenzi. Yazhini aliamka na Singapore, Maran alilala na Leeds, kwa wale Waingereza wake, na katikati ya mchana walikuwa na saa zao chache za kutaniana kwenye simu. Kikwazo kilikuwa mzee Ponnusamy, baba yake Yazhini, mjane aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nyuzi na aliyeishi ujana wake wote kwa king'ora. Binti kufanya kazi nyumbani hakukumsumbua. Mwanamume kushinda nyumbani mchana, huyo kwake alikuwa mgonjwa au hana kazi. Kufikia mwishoni mwa Oktoba alishapata posa ya karani wa benki kutoka Erode, na watu wa karani huyo wangekuja Alhamisi.

Yazhini alilia, akabembeleza, akasusa kula. Mwishowe mzee akalegea kidogo.

"Aje Jumanne na mama yake, saa kumi na nusu, Rahu akishapita. Akichelewa, nitajua hana kazi wala adabu."

Kila siku ina saa yake ya Rahu, sayari ya nuksi, na hakuna mtu Coimbatore ambaye angeanza jambo la heri ndani ya saa hiyo. Ya Jumanne huanza saa tisa alasiri na kwisha saa kumi na nusu. Maran akakubali kwa furaha, kwa kuwa kikao chake cha Jumanne na Leeds huwa kimekwisha kufikia saa kumi.

Jumanne yenyewe, mchana, simu ya Yazhini ikalia.

"Kipenzi, usikasirike."

"Ukianza hivyo, nimeshakasirika."

"Kikao kimesogea. Kinaanza saa kumi. Uingereza wamerudisha saa nyuma juzi Jumapili."

"Nani karudisha?"

"Nchi nzima! Wanafanya hivyo kila mwaka baridi ikikaribia. Mimi nimeanza nao Aprili, sikujua. Nilikuahidi kwa mazoea tu, sikutazama kalenda."

Saa ya Singapore haikuwahi kusogea hata dakika tangu Yazhini aanze kazi nao. Nchi nzima isogeze saa zake, tena wiki hii hii Maran anapotakiwa kwao?

"Maran, ungesema unaumwa tumbo ningekuelewa."

"Haki ya Mungu sikudanganyi! Leo ndio wanaamua kama wataniongezea mkataba. Nikiomba waahirishe, kuna mia wanakitolea macho kiti changu. Na nikikosa kazi, baba yako atanitazama vipi?"

"Baba yangu anataka mtu mmoja aingie mlango mmoja saa aliyoambiwa. Basi! Huyo wa benki hajui hata kuchelewa kunafananaje."

Akakata simu. Angeweza kuchunguza kwenye simu hiyo hiyo kama saa za Uingereza husogea kweli, lakini alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu zaidi ya hasira. Alivaa sari ya hariri ya kijani, akijua huenda anamvalia mtu asiyekuja.

Saa tisa ilikuwa haijagonga lango lilipolia. Maran aliingia na mama yake aliyebeba sinia la tambuu, ndizi na maua. Shati lilikuwa jeupe kama siku ile, na safari hii msuli nao ulikuwa mweupe, wa sherehe. Kwapani alikuwa na kompyuta.

"Nilisema saa kumi na nusu," alisema mzee Ponnusamy bila kuinuka.

"Najua, mzee wangu. Lakini saa kumi nina kikao. Nimeona niingie kabla Rahu hajaanza, ili jambo letu lihesabike limeanza salama. Halafu nakuomba meza."

"Meza?"

"Na soketi."

Mama yake Maran aliziba uso kwa ncha ya sari. Mzee akaonyesha meza ya Yazhini kwa kidevu.

Yazhini alileta kahawa bila kumtazama mpenzi wake, akaitua bilauri katikati ya meza kwa kishindo. Maran alielewa. Mpaka ulikuwa umerudi.

Saa kumi, nyuso za Leeds zikajaa kwenye kioo. Yazhini alisimama nyuma ya pazia la jikoni, masikio wazi. Mzee mmoja wa Kiingereza alikuwa akilalamika kwamba tangu warudishe saa nyuma Jumapili, mbwa wake anamwamsha kabla ya wakati. Wenzake wakacheka. Yazhini hakucheka. Aliona aibu: kumbe Maran alisema kweli.

Kisha mama mwenye miwani, bosi wao, akaingia kwenye hoja. "Kuna watu wanatupa bei ya chini kuliko yako. Kwa nini tubaki na wewe?"

Maran akafungua mdomo. Feni ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika, na mtandao wa nyumba ukaenda nao. Bosi aliganda kwenye kioo.

"Mungu wangu!" Yazhini alilirusha pazia, akaunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake. "Haushiki! Hapa unashika dirishani tu, juu!"

"Lete," alisema mzee Ponnusamy. Akaichukua simu, akaiinua dirishani kwa mkono ulionyooka.

Uso wa bosi ukacheza tena. Maran alifuta jasho. "Samahani, umeme wetu umekatika. Lakini tangu Aprili maduka yenu ya dawa hayajawahi kuukosa mfumo wa kompyuta ninaouendesha hata asubuhi moja. Bei ya chini ipo. Mimi siteremshi yangu."

Alibanwa, akajibu, akabanwa tena. Mzee hakujua Kiingereza cha maana, ila sauti ya bosi aliijua vizuri mno tangu kiwandani. Mkono ulimwuma, akabadilisha mwingine. Mwishowe bosi akasema watajibu Ijumaa, na kioo kikawa cheusi.

Mzee akashusha mkono. "Yule mama alikuwa anakubana."

"Ndiyo, mzee."

"Na hukumlilia."

"Nililia kwa ndani."

"Wakikuacha Ijumaa?"

"Nitatafuta wengine. Siwezi kukudanganya kwamba nina uhakika."

Mzee aliketi, akasugua bega. "Mimi nilikuwa nao, huo uhakika. King'ora kililia kila asubuhi, mpaka asubuhi moja hakikulia, tukakuta lango lina kufuli. Hakuna aliyetuambia." Akatazama saa ya ukutani, kisha binti yake. "Rahu amepita. Muulize mwenyewe. Huyo wa benki nitampigia simu asije, kama kuna sababu ya kumpigia."

Maran aligeuka. Tai ilikuwa upande. "Yazhini, utakubali nikuoe? Hata kama Ijumaa ni mbaya?"

"Nilikudhani mwongo," alisema Yazhini, machozi yakimtoka waziwazi. "Nisamehe. Mbwa wa Leeds amekutolea ushahidi."

Bilauri ilikuwa bado pale katikati ya meza, kahawa imepoa, haijaguswa. Yazhini aliiinua, akampa baba yake.

"Vuka," alimwambia Maran.