Mlio Haukuwa wa Cherehani

Chumba chetu cha kazi kina cherehani mbili, meza moja ya kukatia na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Asubuhi mama hufungua madirisha. Mimi hufagia vipande vya nguo vya jana. Kaka huifuta cherehani yake, huitia mafuta, kisha hukaa na kuanza kazi. Ni cherehani tuliyoachiwa na marehemu baba.

Kaka yangu ana miaka ishirini na tano. Koti akilikata, hurudii kulipima. Lakini ana sura ya mtoto. Ndevu hazijamjia, na mashavu ni yale yale aliyokuwa nayo darasa la tano. Mteja mgeni akiingia, humpita kama anapita kiti.

"Hodi. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi, karibu."

"Hapana, namtaka fundi mwenyewe."

Hapo mama hucheka na kusema, "Ndiye huyo. Fundi Mdogo wetu."

Mama hana ubaya. Jina hilo kaka alilipata utotoni, alipokuwa akikaa chini ya meza ya baba kuokota vifungo. Lakini nilikuwa naona. Kila akiitwa hivyo, mguu wake ulikuwa unasimama kidogo juu ya kanyagio.

Kisha likaja jambo la mchumba wake. Ni dada mmoja mcheshi anayeuza viatu mtaa wa pili. Alimwonyesha baba yake picha ya kaka kwenye simu. Mzee akavaa miwani, akaitazama, akauliza, "Huyu ameshamaliza shule?"

Mchumba alilisimulia kama mzaha. Kaka alicheka naye. Alipofika nyumbani hakugusa chakula. Wazazi wa mchumba walikuwa wametuita tukajitambulishe, Jumapili ya mwisho wa mwezi uliofuata.

Siku mbili baadaye kaka alikuja na kifurushi. Ndani mlikuwa na chingamu ndogo za kijivu, ngumu kama kokoto.

"Hizi ni za mazoezi," akasema.

"Mazoezi ya nini?" nikamwuliza.

"Ya taya. Unatafuna saa mbili kwa siku. Msuli unajaa, taya linapata kona. Kwenye simu vijana wengi wanafanya."

Nilijaribu moja. Niliitema kabla haijalainika. Mama naye akaibonyeza kwa ukucha, ukucha ukateleza.

"Mchumba wako anauza viatu," mama akasema. "Ungemwomba soli moja utafune bure."

Kaka hakujali. Alitafuna asubuhi akikata, alitafuna mchana akishona. Taya lake lilifuata mguu. Akikanyaga haraka, nalo haraka. Akipunguza, nalo linapunguza. Wiki ya pili akaanza kuweka mbili kwa pamoja. Alitafunia upande wa kulia tu, kwa sababu jino moja la kushoto liliwahi kuzibwa na alikuwa analihurumia.

Sisi tuna daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, umeandikwa bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kaka akafungua ukurasa mpya akaandika neno moja juu yake: Taya. Kila jioni kabla ya kufunga alisimama mbele ya kioo, akaweka futi ya kupimia nguo chini ya sikio la kulia, akaivuta hadi ncha ya kidevu. Siku ya kwanza ilisoma sentimita kumi na tatu na nusu. Wiki ya tatu ilisoma kumi na nne.

"Unaona?" akaniambia. "Nusu sentimita. Kwenye kola, nusu sentimita ni kitu kikubwa."

Niliona. Ila niliona na mengine. Asubuhi alikuwa anaamka ameshika kichwa pembeni mwa paji. Nyama alikuwa anaisukuma pembeni ya sahani. Akipiga miayo, alikuwa anaikatisha katikati.

Jumatatu ya wiki ya mwisho tukaanza kusikia mlio. Tak. Kimya. Tak.

"Cherehani yako hiyo," mama akasema. "Sindano inagonga chuma."

Kaka akabadilisha sindano. Tak. Akatoa bobini ya uzi wa chini, akaitazama, akairudisha. Tak. Tukalegeza mkanda, tukafungua bamba la chini, tukatoa manyoya ya uzi ya miaka mingi, tukatia mafuta hadi yakachuruzika sakafuni. Kazi za watu zilisimama asubuhi nzima.

"Kanyaga pole pole, nisikilize," nikasema. Nikainamisha sikio karibu na mashine.

Akakanyaga. Tak.

"Acha sasa."

Akaacha. Mguu ulitulia, gurudumu likatulia, sindano ikasimama juu. Tak.

Tukatazamana.

"Kaka," nikasema, "mlio huo ni wako."

Aliacha kutafuna. Akaweka kidole mbele ya sikio, akafungua mdomo, akafunga. Tukausikia wote watatu.

"Ni mazoezi yanakolea," akasema, lakini hakuwa anacheka.

Nikachukua futi. "Simama hapo kwenye kioo. Nipime kushoto."

"Kushoto kwa nini?"

"Mteja tunampima mabega yote mawili. Wewe umekuwa unajipima moja."

Kushoto futi ilisoma kumi na tatu na nusu, kama siku ya kwanza. Uso wa kaka ulikuwa umelala upande, kama gauni lililokatwa vibaya. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Siku ile hakuandika kitu kwenye daftari. Lakini chingamu hakuiacha. Jumapili ilikuwa imekaribia.

Alhamisi asubuhi alishika kipande cha mkate, akakipeleka mdomoni, kikagonga meno. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, ukagoma.

"Fungua vizuri," mama akasema.

"Ndio nimefungua," kaka akajibu kupitia meno.

Mama akaogopa. Mama akiogopa, mikono yake haikai. "Nipe kijiko," akaniambia. "Nitaingiza mpini, niufungue taratibu."

Mpini ulikuwa umeshafika kwenye mdomo wa kaka tuliposikia hodi. Alikuwa tabibu wa zahanati ya meno ya mtaa wetu, amekuja kuchukua makoti yake meupe ya kazi.

"Mama, shikamoo. Tafadhali usimlazimishe. Weka kijiko chini."

"Marahaba, mwanangu. Mdomo umefunga. Tuna safari Jumapili."

Tabibu alinawa mikono, akamkalisha kaka kwenye kiti karibu na dirisha. Akamwekea vidole mashavuni, akamwambia aume kidogo, aachie. Akamwuliza maumivu yalianza lini, na amekuwa akila nini. Kaka akaonyesha kile kifurushi. Tabibu akakisoma nyuma na mbele, akakirudisha mezani.

"Kwa siku unatafuna muda gani?"

"Saa mbili. Siku hizi tatu. Au nne."

"Mtu anayeanza kubeba mawe hatabeba saa nne kila siku bila kupumzika. Atalala. Wewe taya lako halikulala."

Akatuambia sote tuweke kidole mbele ya sikio, tufungue midomo na kufunga. Nikasikia kitu kinateleza chini ya ngozi.

"Hapo ndipo taya linapoungana na kichwa," akasema. "Kuna kiungo kulia na kingine kushoto. Kati ya mifupa kuna kitu laini, kama kisahani chembamba, kinazuia mifupa isisuguane. Nyinyi ni mafundi, nitawaambia kwa kazi yenu. Ni kama bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Bitana ikikaa mahali pake, mkono unaingia bila wewe kujua kwamba ipo. Ikihama, mkono unakwama. Na ukisukuma kwa nguvu?"

"Unaipasua," kaka akasema.

"Basi. Ule mlio ulikuwa ni bitana inahama na kurudi. Leo nadhani haikurudi vizuri, na misuli nayo imekaza kwa uchovu. Ndiyo maana nimemkataza mama kijiko."

Mama alikifunika kijiko kwa kitambaa, kama vile hakikuwepo.

"Lakini taya limeongezeka," kaka akasema. "Nimepima."

"Sikatai. Msuli ukifanyishwa kazi sana unaweza kujaa, na ukichoka unaweza kuvimba. Futi haijui tofauti. Ila umbo la taya lako linatokana na mfupa, na mfupa wa mtu mzima haubadilishwi na chingamu. Unachopata mara nyingi ni uso kupanuka. Ukitafunia upande mmoja, unapanuka upande mmoja. Na wanaouza hizi kwenye simu hawana kipimo cha kukuambia saa ngapi ni salama."

"Kwa hiyo chingamu zote ni mbaya?" nikamwuliza.

"Hapana. Ile laini isiyo na sukari, dakika chache baada ya kula, kwa mtu asiye na maumivu, haina neno. Wala si kila anayetafuna ngumu ataumia. Lakini ukisikia maumivu mbele ya sikio, kichwa pembeni, mlio wenye maumivu, au mdomo kuwa mzito kufunguka, mwili umeshakuambia acha. Yeye aliambiwa yote manne."

Siku ile ile tulikwenda zahanati. Walimchunguza vizuri. Kwenye jino moja la kulia walikuta ufa mwembamba kama uzi, umetokana na kutafuna kitu kigumu. Walisema wameuona mapema, watalikinga jino lisipasuke zaidi. Wakampa dawa ya maumivu na maelekezo, nami nikayaandika kwenye daftari letu, ukurasa ule ule wa Taya. Chingamu basi. Chakula laini, vipande vidogo, kutafuna pande zote mbili. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, si ya kuunguza, dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Miayo ikija, kuweka mkono chini ya kidevu. Asiegemeze shavu mkononi. Na wakatuambia la mwisho kwa sauti ya mkazo: mdomo ukikwama wazi usifunge, au pakatokea uvimbe na homa, au kumeza kukawa shida, msingoje kesho, nendeni hospitali.

"Nitapona kabla ya Jumapili?" kaka akauliza.

"Utapata nafuu," tabibu akasema. "Kupona kunaweza kuchukua wiki kadhaa."

Jumamosi mdomo ulifikia upana wa vidole viwili. Kaka alikaa kwenye kochi na kitambaa shavuni.

"Tuahirishe," akasema. "Nitaongeaje na wazee kwa mdomo huu? Watasema mtoto, tena bubu."

"Ongea kidogo," mama akajibu. "Wanaume wanaoongea kidogo wanatafutwa kwa taa."

Tukaenda. Kaka alivaa koti la kijivu alilojishonea. Mchumba alikuwa ameshamweleza mama yake, kwa hiyo kaka aliwekewa supu na viazi vya kuponda. Baba mtu alikula akimtazama juu ya miwani.

"Kijana, mbona unakula kama umetoka wodini?"

Nilijua kaka anaweza kusema jino linamuuma, na wala usingekuwa uongo mkubwa. Akaweka kijiko chini.

"Nina sura ya mtoto, mzee. Nilitafuna chingamu ngumu nipate taya la mtu mzima. Nimeumia."

Mzee alimtazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akavua miwani kuifuta.

"Ni kwa lile neno langu la shule?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole sana. Mdomo wangu nao una makosa yake."

Jioni mzee akainuka ili atusindikize. Akachukua koti lake kwenye msumari, akaingiza mkono wa kulia. Ukakwama katikati. Akasukuma. Akavuta. Akaanza kulifokea.

"Usisukume, mzee," kaka akasema. "Bitana imehama. Utaipasua."

Akalipokea lile koti, akageuza mkono wa koti ndani nje pole pole. Bitana ilikuwa imefumuka begani. Aliomba sindano na uzi mweusi, akakaa palepale mezani. Tulitazama vidole vyake tu. Alipomaliza, mzee alivaa, mkono ukapita kama maji.

Mzee alishika kola ya koti la kaka, akaitazama mshono kwa mshono. "Na hili umenunua wapi?"

"Nimelishona."

"Nami nataka."

Kaka akatoa futi mfukoni. "Simama wima, mzee. Mikono chini. Usijaze kifua."

Mzee akasimama wima kabisa, mikono ubavuni, kama mwanafunzi mstarini. Mchumba alinibana mkono tusije tukacheka. Nilitoa daftari letu mkobani, na kwenye ukurasa uliofuata ule wa Taya nikaandika vipimo vya mzee.

"Asante, fundi," mzee akasema.

Imepita miezi miwili. Kaka anafungua mdomo vidole vitatu bila maumivu. Futi inasoma sawa pande zote, au tofauti isiyoonekana. Sura yake ni ile ile. Kifurushi kilichobaki mama alikitupa, baada ya kujaribu kuzuilia mlango kwa chingamu moja na kusema angalau hapo imefanya kazi.

Leo asubuhi mwanamke mmoja mgeni aliingia na gauni mkononi.

"Hodi. Fundi yupo?"

"Fundi ndiye huyo mbele yako," mama akasema bila kuinua kichwa.

Kaka alilipokea gauni, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga. Tak.

Mama alisimamisha mkono. Mimi niligeuka. Kaka aliweka kidole mbele ya sikio, akafungua mdomo, akafunga, akasikiliza. Kulikuwa kimya. Akakanyaga tena. Tak.

"Safari hii ni sindano," akasema, na akaanza kuibadilisha.