Goti Halina Adabu

Kila alfajiri Bu Sumiyem husaga manjano na tangawizi, akapika jamu, dawa ya kunywa, akaitia chupani. Chupa kumi huingia kikapuni. Kikapu hupanda mgongoni kwa kitambaa kilichofungwa bega la kulia. Miaka ishirini na miwili amezunguka hivyo mitaa ya mji wa Solo, Indonesia, na kwa kikapu hicho amemlea bintiye, Retno.

Retno alipoona mama yake anainuka kwa kushika ukuta, alimpeleka kwenye ukumbi wa mazoezi wa kijana Bagus. Bagus hakuuliza kazi yake wala maradhi yake. Alimbebesha chuma begani, akamwamuru achuchumae mara thelathini kama wengine. Alipoulizwa kama anaumia, Bu Sumiyem alitabasamu na kusema hapana. Kwao, kumwambia mwalimu kwamba amekuumiza ni kumwaibisha mbele za watu.

Siku ya tatu goti la kulia lilivimba. Kikapu kikakaa sakafuni, na wateja wakaanza kununua kwa mwingine.

Retno alimfuata Bagus ukumbini, damu ikimchemka.

"Nilimwuliza, dada," Bagus alijitetea. "Alisema haumii."

Jibu hilo lilimchoma Retno zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Jirani yao Wening hutibu viungo katika kituo cha afya. Alilichunguza goti, akaamuru lipumzishwe. Uvimbe ulipokwisha, alimwuliza Bu Sumiyem habari za kazi yake, maradhi aliyowahi kuugua na mara alizowahi kuanguka. Kisha akamwomba akunje sarong, kikoi chake, hadi juu ya magoti, avue viatu, akae kitini na kuinuka polepole bila kushika kitu. Akamsimamisha kwa mguu mmoja, halafu mwingine. Akamwambia ainue mikono, kisha atembee.

"Njoo huku mbele, Retno," alisema Wening. "Tazama anavyokaa."

Goti la kulia lilikuwa likiangukia ndani. Kisigino kiliinuka. Mwili wote ulilalia upande wa bega la kikapu.

"Unaumia, mama?" Wening aliuliza.

"Hapana, mwanangu."

"Mdomo wako una adabu, mama. Goti halina. Limenieleza yote." Wening akamgeukia Retno. "Ndiyo maana mtu hapewi mzigo kabla hajatazamwa. Kuuliza tu hakutoshi. Na ukiona maumivu au uvimbe, aende kituoni kwanza."

Sasa Retno alijua kosa la Bagus lilikuwa wapi. Lakini hasira yake haikupoa.

Wening alimpa mama mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti kirefu kwenda juu, bila chuma, na ya kuimarisha nyonga. Akamwagiza abadilishe bega kila siku na apunguze chupa. Kila wiki mbili alimtazama upya. Katika mwezi wa tatu wa mazoezi goti lilinyooka, na Bu Sumiyem akarudi mitaani na chupa sita.

Asubuhi moja alipita mbele ya ukumbi. Bagus alikuwa akimkabidhi chuma mama mmoja mnene aliyeanza siku hiyo hiyo. Bu Sumiyem alisita. Uso ulimwaka kwa haya. Kisha akaingia na kikapu chake.

"Kijana, weka chini hicho," alisema. "Mimi uliniumiza. Huyu mtazame kwanza anavyokaa na kuinuka."

Watu wote waligeuka. Bagus alikiweka chini, akaenda kutafuta kiti.