Malaika Wenye Midomo Wazi

Jioni Tone alikuwa amewachora wakitabasamu, midomo imefumbwa. Asubuhi aliwakuta wamepanua vinywa.

Walikuwa malaika wa kuning'inizwa kwenye mti wa Krismasi, kila mmoja juu ya kimpira cha kioo kinachotosha kiganjani. Alikuwa amevitundika vimpira kwenye kamba vikauke, akaenda kulala. Sasa kila uso ulikuwa na tundu jekundu katikati, lililochorwa vizuri kwa brashi nyembamba na mkono usiotetemeka. Malaika hawakuonekana wakiimba. Walionekana kama watu wanaozama.

Alikichukua kimoja hadi jikoni. "Shangazi, umewagusa malaika wangu?"

"Mimi? Na macho yangu haya?" Shangazi aliendelea kukoroga chai. "Kama umekosea, sema umekosea. Futa upake upya. Nani atanunua malaika anayepiga miayo?"

Tone alicheka, maana kweli, ukimtazama upande, alikuwa kama anapiga miayo. Akarudi, akafuta.

Mtaani Shangazi aliitwa Mama Sikukuu. Mwaka ukielekea ukingoni nyumba yake ilikuwa karakana: nyota za mbao zimelala kwenye makochi, kengele za bati chini ya meza, utepe umetapakaa hadi mlango wa choo, na vumbi la kumetameta limemganda kila mtu mpaka kwenye kope. Kazi ya brashi ilifanyika chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha moja, nalo Shangazi alilipigilia nailoni na kulibandika gundi pande zote, kwa sababu vumbi la barabarani likitua juu ya rangi mbichi, kazi imekwisha. Humo ndani mlikaa makopo ya rangi, dhahabu ya kupuliza, na tina ya kuoshea brashi, ile ambayo ukiinusa vibaya unatafuta pa kushika.

Kiti alichokalia Tone kilikuwa cha dada yake. Wazazi wao walipofariki, Shangazi, dada wa baba yao, aliwachukua wote wawili. Dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika brashi, na ndiye aliyembandika jina la Tone, kwa vile kila alipokaa alidondosha rangi. Dada mwenyewe alikuwa na pumu. Msimu uliopita, Tone akiwa shule ya bweni, aliletewa habari kwamba pumu ilimbana dada yake usingizini, hakuamka. Alifika kuzika tu. Siku hiyo Shangazi alilia kuliko wote, hadi akashikiliwa.

Malaika hawakukoma. Tone aliwafuta, asubuhi vinywa viko wazi tena. Akaamua kuwachora bila midomo kabisa. Wakaota midomo.

Kisha ikaja harufu. Makopo yote yakiwa yamefunikwa, tina ilimfuata bafuni, ikamfuata uani alikoanika nguo, akaikuta hata ndani ya mto wake. Halafu alasiri moja, akizungushia nyota ukingo wa dhahabu, alisikia nyuma ya shingo yake filimbi nyembamba ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Aliijua. Utoto wake wote alilala kitanda kimoja na filimbi ile. Kilikuwa kifua cha dada yake.

"Dada?" alinong'ona.

Filimbi ikakatika, kama mtu aliyezuia pumzi ili asikilize.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Lakini kesho yake, mchana kweupe, wakiwa barazani wanapanga mapambo kwenye maboksi pamoja na fundi cherehani wa nyumba ya pili aliyewaletea vifuko vya kitambaa, mlango wa chumba cha nyuma ukagongwa. Uligongwa kutoka ndani, kwa kiganja, pigo zito halafu kimya, pigo jingine halafu kimya.

Tone aliinuka.

"Usifungue!" Shangazi alimdaka mkono.

"Kwani nani yumo?"

"Panya."

"Panya wana viganja, Shangazi?"

Uso wa Shangazi ulikuwa umepauka kama ukuta uliopakwa chokaa. Aliyemshangaza Tone zaidi ni fundi cherehani: alikuwa amesimama na vifuko vyake kifuani, machozi yanamtoka, na wala hakuaga.

Tone alimfuata hadi getini kwake. "Mama, unajua nini?"

Yule mama alitazama nyuma kwanza. "Mwanangu, mlango ule nimewahi kuusikia ukigongwa vilevile. Siku aliyofariki dada yako. Ilikuwa mchana. Nilidhani mnapigilia nyota zenu misumari. Nikaongeza sauti ya redio."

"Niliambiwa alikufa usingizini."

"Nami niliambiwa hivyohivyo. Nikajilazimisha kuamini, maana nisingeamini ningelalaje?"

Tone hakulia. Alirudi, akaingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye kile kiti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akakasirika. "Kama ni wewe," alisema taratibu, "mimi nipo. Mimi sikuambiwa." Vimpira vyote kwenye kamba vikageuka, bila upepo, kimoja baada ya kingine, mpaka kila malaika akawa anatazama mlangoni. Mlangoni alikuwa amesimama Shangazi.

Tangu saa ile Shangazi hakuwa mzima. Alianza kikohozi kikavu, kisha akawa anatema mate yenye rangi ya dhahabu. Alifungua madirisha ya nyumba nzima na bado akalalamika hakuna hewa, akaenda kukaa katikati ya uwanja, chini ya jua, mdomo wazi, akivuta na kuvuta. Hospitali walimpima, wakamwambia mapafu yake ni safi. Alirudi, akakuta kioo cha kabati lake kimechorwa uso mmoja mkubwa unaolingana na wake, nao hauna mdomo. Ndipo mwenyewe akatuma aitwe mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa miwani na raba. Aliomba maji, akanywa, akakizunguka chumba cha nyuma akigusa kuta kwa vidole, kisha akarudi kusimama kizingitini.

"Ni jini," alisema. "Lakini hakutumwa na mtu, na hakupotea njia."

"Mtoe basi," alisema Shangazi kwa sauti iliyokwaruza. "Nimekuita umtoe."

"Aliitwa, mama. Kuna mtu aliugonga mlango huu akaita kila jina alilolijua. Watu hawakumsikia. Aliyemsikia hakuwa mtu." Mganga alivua miwani, akaifuta. "Sasa anataka neno la kweli kutoka kwa aliyeshika ufunguo. Ingia, keti, useme."

Shangazi alimtazama Tone, akaingia akakaa. "Ilikuwa bahati mbaya," alianza. "Nilifunga bila kujua yumo. Mungu ni shahidi wangu, mtoto yule nilimpenda kama..."

Mganga alimvuta Tone nyuma kwa nguvu. Mlango ukajibamiza.

Wakausukuma, usisogee, wakausukuma tena kwa mabega, na humo ndani wakasikia vifuniko vya makopo ya tina vikifyatuka kimoja kimoja, na harufu ikatoka chini ya mlango nzito hadi macho yakawawasha, na katikati ya harufu ile ikaanza filimbi, ile ya kifua, ikipanda na kushuka, ila sasa zilikuwa mbili, moja ya yule waliyemzika na nyingine ya Shangazi, zikifuatana kama mtu na kivuli chake, mpaka Tone akashindwa kujua ipi ni ipi, na Shangazi akaanza kugonga kwa kiganja, pigo zito halafu kimya, pigo jingine halafu kimya.

"Nifungulieni! Tone, mwanangu, nifungulie!"

"Sema kweli!" mganga alipaza sauti. "Sema kweli haraka!"

"Nilijua!" Sauti ilipasuka. "Nilijua yumo! Aliniambia kifua kinabana, nikamwambia aache kudeka, kazi ya watu haijaisha. Nikafunga, nikapeleka maboksi sokoni. Niliporudi..."

"Uliporudi?"

"Niliporudi alikuwa bado anakwaruza mlango. Nikamsikia. Nikasema akae kidogo, ajifunze. Nikaenda kujipikia chai."

Tone aliegemea ukuta.

"Nilipofungua, nikambeba nikamlaza kitandani," Shangazi aliendelea, sasa kwa kunong'ona. "Nikamfunika. Nimesema. Yote nimesema. Jamani, hewa."

Mlango haukufunguka. Badala yake, kutoka upande wa pili, karibu kabisa na ubao, sauti ikaita kwa upole, "Tone."

Ilikuwa sauti ya dada yake. Hata ule mkato wa kuvuta pumzi kabla ya jina ulikuwepo. Tone aliweka kiganja juu ya mlango, akahisi kwa ndani kiganja kingine kikiwekwa hapohapo, cha baridi.

"Usidanganyike," mganga alimwambia sikioni. "Huyo si dada yako. Amevaa pumzi yake tu. Lakini kesi hii ni yako, wewe ndiye ndugu pekee wa tumbo lake. Mwambie imetosha, ataondoka, na shangazi yako ataishi akajibu mbele ya watu. Nakusihi, mwambie. Usipomwambia atabaki, na akibaki hatakuwa wa nyumba hii tena. Atakuwa wako."

Ndani, Shangazi alikuwa ameacha kugonga. Alikuwa anakwaruza. Kucha ziliteremka kwenye mbao polepole, zikapumzika, zikaanza tena kutoka juu.

Tone aliusikiliza mkwaruzo ule kwa muda mrefu. Akilini alimwona dada yake akiwa na kiti kile kimoja, dirisha lile moja, na jikoni sufuria ya chai inachemka. Mganga alimtikisa bega. "Sema, binti! Sema imetosha!"

Tone alisogeza mdomo hadi ukagusa mbao.

"Bado," alisema.

Mganga alirudi nyuma, akaokota mkoba wake, akatoka mbio, bila kugeuka. Tone hakumwangalia. Alikwenda kwenye karai, akaosha rangi mikononi, kidole kwa kidole, huku mkwaruzo wa chumba cha nyuma ukizidi kuwa mwepesi, ukawa kama wa mdudu, ukanyamaza. Alijifuta mikono, akavaa viatu, akachukua begi lake la shule.

Alipofika mlango wa mbele, alinyoosha mkono kushika kitasa. Mlango ulifunguka kabla hajakigusa, ukabaki wazi, ukimsubiri kwa adabu, kama vile mtu amemshikia.