Jalada la Mfu Aliyesimama

Asubuhi za Julai mjini Eldoret, mtu akizungumza nje, pumzi yake huonekana kama moshi. Marion alikuwa akifua nguo uani kwao Langas, na shemeji yake Lennox amesimama karibu akisimulia mechi ya jana. Maneno yalitoka. Pumzi haikuonekana. Marion alijiambia labda ni jua, lakini jua lilikuwa halijachomoza.

Mumewe, Omollo, alikuwa mchoraji. Alichora majalada ya jarida moja la Marekani linaloandika historia ya upande wa magharibi wa nchi ile, enzi za wachunga ng'ombe wenye bastola na majambazi walionyongwa. Hakuwahi kufika huko. Lakini alikuwa na desturi yake ya kazi: hakuchora kitu asichokiona kwa macho. Akitaka farasi, alikwenda Kaptagat kumtazama farasi wa tajiri mmoja. Akitaka kofia pana, aliishona mwenyewe. Safari hii mhariri alitaka jambazi aliyeuawa, maiti yake imesimamishwa ndani ya jeneza mbele ya duka, kama watu wa wakati ule walivyofanya ili wapige picha. Sehemu ya juu iachwe wazi kwa jina la jarida.

Basi Omollo akaenda kuazima jeneza kwa Kiarie, seremala mwenye kibanda kando ya barabara. Kiarie alikubali shingo upande. Alifunga jiwe katika kitambaa cheupe, akalilaza ndani.

"Hii ndiyo maiti yake," alisema. "Jeneza haliingii kwa nyumba ya watu likiwa tupu. Usitoe hiyo jiwe, boss."

"Kiarie, si wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ni mtu wa kanisa. Na nimetengeneza hizi vitu miaka mingi. Usitoe."

Nyumbani, jiwe lilikalia nafasi ya miguu. Lennox, mdogo wake Omollo, alikuwa amevaa koti refu na kofia, tayari kuchorwa, lakini visigino vyake vilikosa pa kukaa. Omollo akalitoa jiwe akaliweka nje ya mlango. Akachora kutwa nzima. Walipomaliza, Lennox, ambaye hakujua kukaa bila mzaha, alisema, "Bro, nifungie kidogo nione vile wenyewe huskia."

Wakacheka. Omollo akaegemeza kifuniko. Kimya kikarefuka kupita mzaha. Kisha pakagongwa kutoka ndani. Omollo akafungua, na Lennox akatoka akitabasamu, bila neno. Jioni hiyo jeneza lilirudishwa kwa Kiarie, tupu.

Tangu hapo, hata kabla ya ile asubuhi Marion alipokosa kuiona pumzi ya Lennox, harufu ya vanishi haikutoka nyumbani. Ilikuwa kwenye mapazia, kwenye blanketi, hata kwenye chai. Na ile kona ambapo jeneza lilisimama ilianza kukwaruzwa, kama kucha juu ya mbao, ingawa pale palikuwa na ukuta wa mawe tu.

"Ni panya," Omollo alisema.

"Panya gani anaita watu?" Marion alinong'ona. "Nimesikia akikuita, Omollo. Amesema bro."

Jioni moja, wakiwa mezani, wote waliisikia. Sauti ilikuwa ndogo na ya mbali, kama ya mtu aliyewekewa godoro usoni. "Bro, nifungulie. Imetosha sasa. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Lennox. Na Lennox alikuwa ameketi palepale, akimega ugali.

"Msimjibu," alisema polepole. "Ni pepo. Ananiiga."

Mama yao, Mama Selpha, aliitwa kutoka Turbo. Alikuja na Mzee Bethwel, mwombezi wa kanisa lao la kanzu nyeupe. Mzee aliwasha mishumaa, akanyunyiza maji, akaanza kusoma zaburi. Kule kwenye kona, ile sauti ikaanza kusoma pamoja naye, neno kwa neno, ikilia. Mezani, Lennox alikuwa amefunga mdomo.

"Mzee, inaomba," Marion alisema.

"Pepo wengine wanajua maandiko kuliko sisi," Mzee Bethwel alijibu. "Hii imeitwa na jeneza, sasa inataka mwili. Tuipe, iende."

Kwa Wajaluo, mtu akizama ziwani asipatikane, watu wake huzika tunda la yago badala yake, tunda refu kama mkono, ili roho ipate pa kupumzika. Jeneza lilelile likachukuliwa tena kwa Kiarie. Yago likalazwa ndani. Mzee akaliita kwa jina la Lennox mara saba, kifuniko kikapigiliwa misumari, na ile kona ikanyamaza. Watu wawili wakalibeba hadi kwenye gari bila shida.

Lakini kule Turbo, shambani kwa Mama Selpha, walipolishusha kando ya kaburi, watu wawili hawakutosha, wakaongezwa wawili, kisha wengine wawili, na kamba zikawakata viganja, na kabla halijafika chini likaanza kugongwa kutoka ndani, si kwa kucha sasa bali kwa ngumi, na sauti ikapanda kutoka shimoni ikisema Mama, ni mimi, Mama, hapa ni giza, na Mama Selpha akajitupa mbele, na Mzee Bethwel akamshika mabega akimwambia kwamba akijibu amemfungulia adui mlango, na yule mama akamtazama mzee, akalitazama jeneza, akamtazama mwanawe aliyesimama juu ya udongo mpya na koti lake, mzima, mkono mfukoni.

"Mama," Lennox akasema kwa upole. "Waambie wafunike."

Mama Selpha aliyaamini macho yake.

"Funikeni," akasema.

Hawakumaliza wiki kabla ya kujua walichofanya. Yule waliyebaki naye hakukumbuka jina la marehemu baba yake. Hakupiga magoti tena kwenye maombi. Omollo alikwenda kaburini na jembe, akamkuta huyo ametangulia, amesimama juu ya tuta akitabasamu, na mikono ya Omollo ikafa nguvu, jembe likaanguka. Alijaribu tena, na wengine wakajaribu, ikawa vivyo hivyo. Mzee Bethwel alipigiwa simu, hakushika. Mhariri wa Marekani aliandika kushukuru. Alisema hajawahi kuona mfu aliyechorwa vizuri hivyo.

Mama Selpha alikuwa akiketi kando ya kaburi kila siku tangu asubuhi, kiganja juu ya udongo, akisoma zaburi kwa sauti ili aliye chini asikie. Kugonga kulikuja kwa uchache. Kisha kwa uchache zaidi. Siku kulipokoma, alirudi nyumbani, akavaa nguo nyeusi na kujifunga kamba kiunoni.

Jirani yake Nabwire alimkuta hivyo, akashangaa.

"Mama Selpha, umefiwa na nani? Lennox si huyo mlangoni, anakula?"

Mama Selpha hakugeuka.

"Huyo ni mgeni," alisema. "Akikuomba chakula, mpe. Lakini usimwambie majina ya watoto wako."