Mafunda Mawili ya Chai

Kila siku baada ya shule, Narae alipitia hospitali ya mji wa Mokpo kumjulia hali bibi yake na kukaa naye mpaka Mama atoke kiwandani. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na koo lake lilisahau kumeza. Kwa mwezi mzima alilishwa kwa mrija uliopita puani. Wiki hii mrija ulitolewa, akaanza kula uji laini kwa kijiko, na kila alichokunywa kilitiwa unga maalumu ili kiwe kizito, kisije kikampalia. Aliyemlisha ni Myeong-ok, ambaye Narae alimwita Shangazi kwa heshima, muuguzaji wa kulipwa aliyelala hapo hapo wodini, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno mengi.

"Inamisha kidevu, Bibi. Meza. Meza tena. Ehee! Ukiendelea hivi utanimalizia na chakula changu!"

Alhamisi hiyo, Myeong-ok alipomaliza kumlisha uji na kutoka kwenda kuosha vikombe, Bibi alimshika Narae mkono.

"Mjukuu wangu, nina kiu. Yale wanayonipa si maji. Nipe hiyo chai yako ya shayiri, funda moja tu."

"Lakini Bibi, pale ukutani wameandika usipewe."

"Kwani mwenye kiu ni ukuta?"

Narae alicheka, akaingiwa na huruma. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Bibi alikunywa mafunda mawili, akafumba macho kwa raha. Ghafla akaanza kukohoa. Kikohozi hakikukoma, na midomo ikageuka rangi ya buluu. Narae akaficha kifuniko ndani ya mkoba, kisha ndipo akabonyeza kengele. Alijua alianza na lipi, na jambo hilo lilimwaibisha kuliko hata ile chai.

Kesho yake Bibi alikuwa na homa kali, hajitambui vizuri, na mrija umerudishwa puani. Daktari Ma alisimama kando ya kitanda pamoja na Mama.

"Ikiwa amepaliwa na uji laini, basi koo halijawa tayari," alisema. "Atabaki na mrija miezi mitatu, halafu tutapima upya."

Mama alimgeukia Myeong-ok. "Nilikuamini, dada. Ulikuwa na haraka gani?"

"Nilimlisha taratibu," Myeong-ok alijibu, lakini sauti yake ilififia. "Sijui. Labda nilikosea." Akainama, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia begini.

Narae alikodolea macho kandambili zake. Uso ulimwaka moto. Angenyamaza, Myeong-ok angeondoka na hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi angekaa na ule mrija miezi mitatu.

"Si uji," alisema, na machozi yakamtangulia. "Ni mimi. Nilimpa chai isiyotiwa unga. Kisha nikaficha."

Daktari aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Chai nyepesi? Kabla ya hapo alikula uji bila kukohoa?"

"Bakuli zima."

Daktari akafuta alichoandika. "Basi homa ikishuka tutampima anavyomeza. Huenda mrija usikae hata wiki."

Mama hakumgombeza Narae. Alimgeukia Myeong-ok, akainama mbele yake mpaka kiuno, akakaa vivyo hivyo bila kuinuka. Narae hakuwahi kumwona mama yake akimwinamia mtu namna ile, tena kwa kosa lisilo lake. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Naye akainama kando ya Mama.

"Nisamehe, Shangazi."

Siku ya sita mrija ulitolewa. Myeong-ok, aliyekubali kubaki, alimkalisha Narae karibu na kitanda, akamtazama bila tabasamu.

"Nisikilize. Kumpa chai ulikosea kwa huruma, hata mtu mzima angeweza. Lakini ulipomficha daktari, alianza kumtibu mgonjwa mwingine, si huyu aliyelala hapa. Chumba cha mgonjwa hakina siri ya chakula. Ukimpa kitu, sema. Ukikosea, sema upesi zaidi."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na wewe, Bibi, usijifanye umelala," Myeong-ok aliongeza. "Aliyemtuma mtoto ni nani?"

Bibi alifumbua jicho moja. Mashavu yake yalikuwa mekundu.

"Ni mimi," alimwambia Myeong-ok polepole. "Naona haya hata kukutazama, mwanangu. Nilishe."