Alama ya Saba

"Shika wima, baba mdogo! Hiyo fimbo inakulalia kama mlevi!"

Mpima akacheka, akainyoosha fimbo ya vipimo juu ya alama ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, kando ya tangi la maji la chuo. Hatua arobaini kutoka pale, mwanafunzi wake alikuwa ameinama kwenye darubini ya miguu mitatu, jicho moja amelifumba, kalamu ameibana kwenye meno. Darasani walimwita Chiriku, kwa sababu hakunyamaza hata akiwa anahesabu.

"Mimi bado si baba mdogo wako," Mpima akamjibu. "Subiri Jumamosi."

"Jumamosi ni kesho kutwa. Naanza mazoezi mapema, nisije nikababaika mbele ya wageni."

Kitivo kilikuwa na mpango wake: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapewa mhitimu mmoja awe mlezi wake. Mpima alipewa Chiriku. Muhula uliopita alimpelekea kitabu nyumbani, na aliyefungua mlango alikuwa mama mdogo wa Chiriku, mwanamke aliyesoma naye darasa moja, akampenda, kisha akampoteza. Walisimama pale mlangoni mpaka Chiriku akauliza kama wanasubiri wimbo wa taifa. Sasa Jumamosi watu wa Mpima walikuwa waende kujitambulisha.

Chiriku akaandika kwenye daftari. Akahesabu. Halafu akanyamaza.

"Kuna nini?" Mpima akauliza.

"Njoo uangalie mwenyewe."

Alipofika, Chiriku alikuwa ametoa kwenye begi madaftari mawili ya zamani, kingo zimekuwa za kahawia.

"Jana nilikwenda stoo ya maktaba," akasema. "Nilitaka kulinganisha vipimo vyangu na vya waliotutangulia. Nikakuta haya yamefungwa kamba moja. Hili lako. Hili la mama mdogo."

Mpima hakulishika.

"Mpaka alama ya sita tunakubaliana wote watatu," Chiriku akaendelea, kidole kikishuka kwenye safu. "Hii ya saba, mimi na mama mdogo tunapishana milimita mbili. Wewe unatuacha kwa sentimita kumi na moja. Ya nane na ya tisa vilevile. Halafu unarudi mwanzo, unafunga kwa sifuri. Sifuri kabisa, kaka."

Mpima akasikia kwamba ameitwa kaka.

Anayepima mzunguko huanza kwenye alama moja, akazunguka, akarudi palepale; ndiko kufunga. Kimo cha kurudi kinatakiwa kilingane na kile cha kuanzia, lakini hakilingani kamwe. Milimita chache hubaki, kwa jua, kwa upepo, kwa mkono wa mtu. Sifuri haipatikani uwanjani. Sifuri hupatikana mezani.

"Zege linaweza kuzama," akasema.

"Likazama kwako tu, kwa mama mdogo likagoma? Mlipima wiki ileile!"

Mpima akalitazama zege.

"Siku ya kwanza ulikuja na tai, ukatuambia: ukikosa kipimo, andika umekosa. Niliandika kwenye jalada. Hili hapa." Chiriku akamgeuzia jalada. "Ulivipika?"

Mpima akakaa chini kwenye nyasi, na suruali yake ya ofisini.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Nilikuwa nimebakiza alama tatu. Nikarudi bwenini, nikazitengeneza zifunge."

"Na mama mdogo?"

"Yeye alipima zote. Mwalimu akaweka madaftari yetu mezani, akasema mmoja wenu ni mwongo. Akaniuliza mimi kwanza. Nikasema nilipima." Akavuta jani, akalikata vipande. "Alipoulizwa yeye, akanitazama. Akasema labda amesoma fimbo vibaya. Mwalimu akamwambia, ungesoma vibaya mzunguko wako usingefunga, nao umefunga kwa milimita sita. Kwa hiyo wewe ndiye umepika."

"Akarudia mwaka."

"Akarudia mwaka."

"Nyumbani tunaambiwa aliumwa," Chiriku akasema polepole. "Bibi mpaka leo anamkataza kulowa mvua."

Simu ya Mpima ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa mama mdogo mwenyewe:

"Mmemaliza? Mama anauliza mnakuja wangapi Jumamosi. Na uvae shati la bluu. Lile la kijani unafanana na karani wa mahakama."

Chiriku akausoma pembeni ya bega lake, bila kuomba ruhusa.

"Unamwambia wewe au namwambia mimi?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mambo ya Jumamosi yakishapita, nita..."

"Kaka!"

"Leo," akasema Mpima.

*

Alimkuta mama mdogo ofisini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya shule. Alikuwa amelala kifudifudi nusu ya mwili juu ya meza ya kuchorea, anapitisha wino kwenye mpaka wa shamba la mtu. Chuoni walimwita Macho, kwa sababu aliweza kusoma fimbo kwa umbali ambao wengine waliiona ukungu.

"Karani wa mahakama!" akasema bila kuinua kichwa. "Hatua zako kwenye ngazi nazijua. Leo zina uzito, umekula nini?"

"Macho."

Akainua kichwa. "Nilishakwambia jina hilo silitaki."

"Ndilo lililonileta."

Akamwambia yote, amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti. Hakujitetea kwa mvua. Alipofika kwenye neno "nilizipika", mama mdogo aliiweka kalamu chini, akaifunga chupa ya wino, akaikaza, akaikaza tena.

"Rudia hapo," akasema.

"Alama tatu za mwisho sikuzipima. Wewe ulizipima. Ulisoma sawasawa."

"Zote?"

"Zote."

Akazunguka meza, akaenda dirishani. Mashine ya duka la chini ilikuwa ikitoa nakala.

"Unajua nilikwenda kwa daktari wa macho mara tatu?" akasema, mgongo ukiwa kwake. "Mara tatu. Kila mara ananiambia, dada, macho yako mazima. Nikatoka pale nikisema huyu naye hajui kazi yake."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Miaka tisa sijagusa darubini. Nachora vipimo vya watu wengine. Unajua kwa nini? Kwa sababu vya watu wengine ninaviamini." Akageuka. Hakuwa analia, na Mpima akaona heri angelia. "Siku ile mezani nilijiambia, mmoja wetu amekosea, na huyu hawezi kunidanganya. Basi ni mimi. Hesabu nyepesi kabisa. Nikakuacha ili watu wasiseme unatembea na mghushi. Mimi ndiye nilikuonea aibu, niliona nimekuchafua!"

"Najua."

"Hujui. Kwa nini unaniambia leo?"

Uongo mzuri ulikuwepo, umeiva. Angeweza kusema dhamiri imemshinda.

"Chiriku aliyakuta madaftari."

"Asingeyakuta?"

Mpima akatazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tope la uwanja wa chuo.

"Ningekuoa nikiwa nimenyamaza."

"Alaa." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kifurushi na kukipima uzito mkononi. "Na ungekuwa unaniita Macho ndani ya nyumba."

"Ndiyo."

"Toka. Mlango uache wazi, nataka hewa."

*

Asubuhi ya Ijumaa Mpima alipanda ngazi za kitivo na bahasha. Ukutani, kwenye picha za walezi bora wa mwaka, alikuwa anatabasamu, mkono begani kwa Chiriku. Akapita pale ameinamisha uso. Katibu wa kitivo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaisoma barua mara mbili.

"Mwanangu, hii ukiiwasilisha hairudi. Umefikiri?"

"Nimechelewa kufikiri, mama. Gonga muhuri."

Akamwandikia mama mdogo ujumbe: "Barua nimeipeleka kitivoni. Nimesema vipimo vyako vilikuwa vya kweli na vyangu vya uongo. Sikuombi kitu."

Hakujibiwa. Saa nne, kimya. Saa saba, kimya. Saa nane na nusu simu ikatetemeka:

"Saa kumi. Ngazi za maktaba. Lete fimbo."

Alifika saa tisa na nusu. Mama mdogo alikuja amevaa buti za zamani za shambani, Chiriku nyuma yake. Hakumsalimu. Akasimamisha miguu mitatu ya darubini mbele ya alama ya kwanza, akaikanyagia ardhini mmoja mmoja, akainama. Akazungusha skurubu, akairudisha.

"Moja nukta nne mbili..." Akanyanyuka. Akainama tena. "Chiriku, njoo uniangalizie."

Chiriku akapiga hatua, kisha akasimama.

"Sikuangalizii, mama mdogo. Soma."

"Mtoto una kiburi wewe!"

"Nimekirithi. Soma."

Mwanamke akavuta pumzi. "Moja, nne, mbili, saba," akasema, akaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alama ya pili alisoma mara mbili. Ya tatu mara moja. Kufikia ya nne, kwenye kona ya karakana, alikuwa anatembea mbele yao, darubini begani, na wanafunzi waliopita walimpisha njia. Mpima alibeba fimbo, akaisimamisha alipoambiwa, akainyanyua alipoambiwa. Hakuna aliyemsemesha zaidi ya hapo. Kila alipoishika fimbo alijua kwamba kule kwenye darubini jicho la mama mdogo limemwelekea, na lilikuwa halimtazami yeye.

"Wima!" akamkemea kwenye alama ya tano. "Inakulalia."

"Nilimwambia hivyohivyo jana," Chiriku akasema. "Huyu na fimbo walishakosana."

Mama mdogo akakaribia kucheka. Akajizuia, akaandika.

Walipomaliza ya sita, kwenye ngazi za bweni la wasichana, matone ya kwanza yalidondoka. Tangi la maji lilionekana upande wa pili wa uwanja, na chini yake ile alama ya saba.

"Ni hapo tu," Mpima akasema. "Dakika kumi. Tunaweza kuiwahi."

Mwanamke akamtazama usoni, mara ya kwanza siku ile.

"Kioo kikilowa sioni. Nisipoona siandiki. Mvua ikinyesha watu wanasimama."

Maneno hayo yalimwingia Mpima mpaka akainamisha kichwa.

Chiriku akaifunika darubini kwa koti lake. Walijibanza chini ya kibaraza cha bweni, watu watatu na fimbo moja ndefu isiyoenea.

"Tutamalizia kesho," mama mdogo akasema.

"Kesho ni Jumamosi," Mpima akasema.

"Nina kalenda."

"Wageni..."

"Wapigie. Waambie wasije. Wewe njoo hapa saa moja asubuhi, na fimbo." Akapangusa matone kwenye jalada la daftari kwa kiganja. "Tukifunga mzunguko, tutakwenda nyumbani. Utamweleza mama, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa pale, kwamba sikuumwa. Utakuwa na shati gani sijali. Akishakusikia ndipo nami nitajua kama nina la kukwambia."

"Na kama huna?"

"Basi utakuwa umesema kweli bure. Jifunze."

"Nitakuja," akasema Mpima.

"Saa moja, kaka," Chiriku akamkumbusha. "Si na dakika tano."

Mvua ikazidi. Mama mdogo akafungua daftari magotini, akapiga mstari mpya kwa rula. Akaandika namba saba, kubwa, ya wino mweusi, na mbele yake akaacha wazi.